Bonaventura Yupo

Kwetu Misima mtu akifa amekufa. Tunamlilia, tunamsomea hitima, jina lake tunampa mjukuu, basi, maisha yanaendelea. Mimi Mwanaidi, Mzigua wa watu, nikaenda kuolewa na watu wa mkonge. Babu yao aliletwa huku kutoka bara enzi za manamba, kuja kukata mkonge. Kazi ikaisha, yeye akabaki, akazaa, na mila zake akabaki nazo. Ukoo ule mtu akifa hawakubali. Siku ya kuanua matanga wanamkalisha mdogo wake kwenye kigoda, wanamvalisha koti la marehemu, halafu mzee wa ukoo anamwita kwa jina la marehemu. Akiitika, imekwisha. Marehemu karudi. Kuanzia hapo jina la zamani la yule mdogo halitajwi tena, na ukilitaja unatozwa mbuzi.

Mume wangu Bonaventura alikuwa anauza machungwa njia panda ya Segera, pale mabasi yanaposimama. Lori lilikatika breki likapita juu ya meza za wachuuzi. Mimi ndiye niliyeitwa kumtambua, nikamtambua kwa miguu, maana kule juu hakukuwa na cha kutambua. Nilimkusanya kwenye kanga zangu mwenyewe, damu ikanilowesha mpaka magotini. Sasa mtu umemkusanya kwa mikono yako, halafu baada ya matanga wanakuletea mwingine wanakwambia, mama Evodia, mume wako huyu hapa. Jamani!

Huyo mwingine alikuwa Benedicto, mdogo wake wa tumbo moja. Benedicto alikuwa mtu wa kutumwa. Benedicto lete maji, Benedicto kamfunge mbuzi, Benedicto toka hapo wakubwa wanaongea. Hata mke aliyemwoa alimkimbia, akasema hawezi kuishi na mtu asiye na kauli. Bonaventura alikuwa kinyume chake. Akikohoa tu kilabuni watu wanasogea apate nafasi. Wakimwita kwenye kesi ya mpaka wa shamba, neno lake ndilo la mwisho. Basi siku ile wakamvalisha Benedicto lile koti la kahawia, likampwaya mabegani, mzee akaita, "Bonaventura!" Akaitika. Nilimwangalia machoni wakati anaitika, na wallahi alikuwa amefurahi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wakaanza kumsogelea, wakaanza kumpa kiti. Naye akaanza kukohoa. Akahamia nyumbani kwangu kwa amri ya ukoo, akakaa sebuleni, akataka na chumba. Nikawaambia wazee mbele yake, jina chukueni, koti chukueni, lakini kitanda changu si mali ya ukoo. Thubutu! Mlango wangu nikautia komeo. Hilo hakunisamehe mpaka leo.

Alianza kunipiga siku niliposahau nikamwita Benedicto. Lilinitoka tu, nilikuwa napepeta mahindi, kuku wameingia, nikasema, "We Benedicto, fukuza hao kuku." Aliinuka akachukua stuli akanipiga nayo ya mdomo. Jino likatoka na kipande cha ufizi. Nikiwa chini natema damu akaniinamia akaniuliza, "Mimi nani?" Nikanyamaza. Akanipiga tena, ya mbavu safari hii. "Mimi nani?" Evodia alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule. Nikasema Bonaventura, kwa ajili ya mtoto asione zaidi. Nilisema, na nikajichukia.

Baada ya hapo ikawa ndiyo sala yake. Akilewa boha, ile pombe ya miwa, anakuja kunigongea, "Mimi nani?" Nisipojibu, mkanda. Nikijibu kwa kejeli, ngumi. Na mimi mdomo wangu huu, Mungu aliniumba nao, kunyamaza siwezi. Niliwahi kumjibu, "Wewe ni koti." Siku hiyo alinivunja kidole.

Mtaniuliza kwa nini sikurudi Misima. Nirudi wapi? Nyumba ile matofali tuliyafyatua mimi na Bonaventura, na shamba lile tulilifyeka pori sisi wawili. Halafu Evodia alikuwa anasoma pale. Huyu binti si msemaji. Akikasirika hasemi neno, anafua nguo hata zilizo safi. Usiku ule wa jino alifua kila kitu mpaka mapazia. Lakini darasani, acha kabisa. Alifaulu kidato cha nne, akachaguliwa chuo cha uuguzi, na hapo ndipo kisa changu kilipo.

Ada sikuwa nayo na wala sitaki kuizungumzia. Mwalimu wake ndiye aliyetuambia kwamba Korogwe mjini, mtaa wa Masuguru, kuna ofisi ya mfuko mmoja unaosomesha vyuoni watoto waliofiwa na baba au mama. Evodia aliomba, akaitwa, akaulizwa maswali, akapita. Wakamwambia limebaki jambo moja tu, ofisa wao atakuja nyumbani kuhakiki. Cheti cha kifo tulikuwa nacho, lakini wameshaletewa vyeti vya kughushi vingi mno, kwa hiyo karatasi hawaziamini. Wanakuja wenyewe, wanauliza majirani.

Nilifurahi mimi! Nikasema, majirani? Si wote walikuja kuzika? Si wote walilala matanga? Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Ofisa mwenyewe alikuwa mama wa makamo anaitwa madamu Edna. Alishuka kwenye bodaboda barabarani akamuuliza jirani yangu Rukaya, muuza maandazi, "Samahani mama, kwa marehemu Bonaventura ni wapi?" Na Rukaya, roho nzuri kabisa, mtu asiye na hila, akashika kichwa, "Marehemu? Toba! Bonaventura yupo! Nyumba ile ya bati, kapita hapa sasa hivi."

Jirani wa pili naye akasema yupo. Wa tatu akasema yupo, ila jana alikuwa na homa. Hakuna aliyedanganya, hapo ndipo uchungu ulipo. Hivyo ndivyo tunavyosema pale kijijini, na mgeni akiuliza anajibiwa tunavyosema.

Madamu Edna alipofika kwangu uso ulikuwa umeshabadilika. Evodia akamwamkia shikamoo, akaitikia kwa mbali. Akaniuliza, "Mama, baba wa mtoto yuko wapi?" Nikasema, "Amefariki, madamu, Mungu amrehemu." Na wakati huohuo mlango wa sebuleni ukafunguka, akatoka huyo jamaa na koti lake, kalifunga vifungo vyote na jua lile.

"Karibu mgeni," akasema. "Bonaventura ndiye mimi."

"Na huyu binti?"

"Wangu."

"Muongo mkubwa!" nikapiga kelele. "Huyu si mume wangu! Huyu ni mdogo wa mume wangu, jina lake..."

Sikumaliza. Alinizaba kofi mbele ya mgeni, nikaenda kugonga ukuta, sikio likaanza kuvuma. Madamu Edna akafunga mkoba wake. Akasema, "Mama, mambo yenu ya ndoa mtayamaliza wenyewe. Lakini kuna watoto ambao kweli wamefiwa." Akaondoka. Evodia akaenda kuchota maji, akaanza kufua.

Kesho yake tulikwenda Masuguru, mimi na shavu langu lililovimba. Nikamweleza madamu Edna yote, koti, kigoda, mbuzi, nikalia, nikamuonyesha na pengo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya yule mama. Akasema kwao Upareni hajawahi kusikia kitu kama hicho, lakini shavu langu analiona.

"Sikukatalii," akasema. "Lakini kijiji kizima kimeniambia mtu yupo, na mtu mwenyewe kaniambia yupo. Nikipitisha jina la huyu binti hivihivi, mimi ndiye nitakayefukuzwa kazi. Nitarudi Jumamosi. Nataka yule bwana aniambie kwa mdomo wake, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, jina lake alilozaliwa nalo na kwamba yeye si baba wa mtoto. Akisema, binti anakwenda chuo wiki ijayo. Asiposema, nafasi nampa mwingine, na sitaweza kuja tena."

Tulipofika Segera Evodia akaniambia, "Mama, usimwombe. Atakuua." Nikamwambia kuomba hakuui mtu. Mimi na ujuaji wangu!

Nilimkuta jioni amekaa uani. Nilipiga magoti. Mimi, Mwanaidi, nilipiga magoti mbele ya yule mtu. Nikamwita baba Evodia, nikameza na mate juu yake. Nikamwambia, neno moja tu, liseme Jumamosi, mgeni akiondoka tu wewe endelea kuwa Bonaventura mpaka Kiyama, sitakuita vingine, nitakupa hata heshima uliyoikosa. Nisomeshee mtoto wa kaka yako kwa neno moja.

Hakukasirika mara moja. Nitasema kweli, kwa mara ya kwanza aliongea kama binadamu. "Mwanaidi," akasema, "nikisema mbele ya watu Bonaventura kafa, mimi nani? Nirudi kuwa yule? Nirudi kufunga mbuzi? Unajua mimi nilikuwa nakula wapi? Nilikuwa nakula na watoto. Nina ndevu, nakula na watoto."

"Lakini Evodia..."

"Evodia ana baba!" Hapo akapandisha. "Baba yake niko hapa! Atasoma kupitia mimi au hatasoma! Wewe unamtafutia mtoto uyatima na mimi niko hai?"

Nikamwambia, "Hai kitu gani? Wewe umevaa maiti!"

Ndiyo, nilisema hivyo. Alinishika kiganja akakibandika kwenye sufuria iliyokuwa motoni pale uani, akakikandamiza kwa goti. Nilisikia ngozi yangu inalia kwenye moto. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika, na nyumba za jirani watu wakafunga milango, maana mtu haingilii ugomvi wa Bonaventura na mkewe.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti, mzee Yordani, nimefunga mkono kitambaa. Huyu naye ni wa ukoo uleule, na ndiye aliyemwita pale kwenye kigoda. Nikamwambia, mzee, shikamoo, njoo useme wewe. Akakuna kidevu. Akasema atakuja, lakini jina lile hawezi kulitoa mdomoni mwake, mila ni mila. Nikamwambia mila yenu inakula watoto. Akaniambia nina mdomo mrefu. Nikamwambia ningekuwa na mfupi ningeshakufa.

Nikarudi kupika, maana mgeni akija lazima ale, hata kama kaja kukunyonga. Evodia alikuwa ananisaidia kwenye kibanda cha jiko, anachambua mchicha. Nikasikia yule jamaa anakuja. Alikuwa kilabuni tangu alfajiri na miguu yake ilikuwa inakwaruza chini. Aliinama kuingia, panga mkononi, koti limelowa pombe kifuani.

"Leo," akasema, "atakayesema Bonaventura kafa, anakufa yeye."

Nikamwambia Evodia atoke. Mlango ameuziba yeye, mtoto atatokea wapi? Alianza kunipiga kwa bapa la panga, mgongoni, kichwani, mgongoni. Nikaanguka juu ya kuni. Nikajaribu kusimama, akageuza panga, upande wa makali ukanipasua bega. Sikusikia maumivu, nilisikia tu joto linashuka hadi kiunoni. Nikamrukia. Mwanamke mwenye mkono mmoja mzima, nikamrukia, nikamng'ata shavu, nikang'ang'ania mpaka nyama ikaja na meno. Akaliachia panga. Akanibamiza ukutani, akanishika koo kwa mikono miwili, akaanza kukaza.

"Mimi nani?" akauliza. "Mimi nani, Mwanaidi? Sema! Mimi nani?"

Nilitaka kusema. Wallahi ningesema lolote alilotaka, lakini pumzi ya kusemea haikuwepo. Macho yakaanza kuingia giza. Nikasikia mlio kama wa kupasua nazi, na mkono wake mmoja ukaachia.

Evodia alikuwa nyuma yake na panga. Mwanangu, mpole wangu, uso mkavu kama anaosha vyombo. Alikuwa amemkata mkono juu kidogo ya kiwiko, na alikuwa anainua panga tena. Macho yake yalikuwa shingoni kwa yule mtu. Niliona kabisa anakwenda kufanya nini.

Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilimpita yule jamaa, nikamnyang'anya mtoto panga, nikamsukuma mpaka akakaa kwenye gunia la mkaa. Nikamwambia, "Hukushika hiki kitu. Umenisikia? Ulikuwa unachambua mchicha." Akafungua mdomo, nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga mwanangu, siku hiyo nilimpiga. "Ulikuwa unachambua mchicha!"

Yule jamaa alitoka nje anapepesuka. Mkono ulikuwa unaning'inia ndani ya mkono wa koti, damu inaruka kwa mapigo. Alifika katikati ya uwanja akapiga magoti, akatazama mkono wake, na akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti nyembamba ya kitoto.

"Mama!" akalia. "Mama yangu we! Njoo, mama! Mimi Benedicto! Benedicto wako nakufa!"

Mama yake amekufa zamani, hata Evodia hajazaliwa. Na pale uwanjani walikuwa wamesimama madamu Edna na mkoba wake, mzee Yordani, Rukaya, na watu wengine waliokuja kwa kusikia kelele. Nami nikatoka jikoni na panga mkononi, nimeloa damu yangu na yake. Nikasema kwa nguvu kila mtu asikie, "Nimemkata mimi."

Madamu Edna hakuniangalia. Aliuliza tu, polepole, "Benedicto ni nani?"

Mzee Yordani akatazama chini. Watu wa ukoo wote wakatazama chini. Na yule anagaagaa pale kwenye vumbi, anaita mama, anajitaja jina. Ndipo Rukaya akapasuka kilio. "Ndiye huyu," akasema. "Nitozeni mbuzi, nitozeni ng'ombe, ndiye huyu! Bonaventura tulimzika, nilifua mimi hata kanga alizokusanyiwa! Mungu nisamehe, nilikudanganya, mama, wala sikujua kama nadanganya!"

Baada ya hapo vijana wa ukoo walinivamia. Walinipiga mawe, mmoja alinipiga fimbo ya magoti nikaanguka, mwingine akanikanyaga mkono ule ulioungua. Wangenimaliza. Madamu Edna alijitupa kati na mkoba wake, anapiga kelele kwamba atawataja wote polisi, naye alipigwa jiwe la bega. Aliyewatuliza hasa ni Evodia, na hakuwaambia neno. Alipita katikati yao na kanga, akapiga magoti kwa Benedicto, akaukaza mkono ule juu ya jeraha kwa kanga na mwiko, akauzungusha mpaka damu ikapungua. Mikono yake haikutetemeka. Watu wote wakaacha kupiga wakawa wanamtazama yeye.

Polisi walikuja na gari kutoka Segera, wakatuweka wote nyuma. Benedicto kalala sakafuni, Evodia kaushika mkono wake, mimi na pingu. Tukapelekwa hospitali mjini. Nilikuwa najisemea moyoni, imekwisha. Jina katoa mwenyewe, mbele ya mwenyekiti, mbele ya madamu. Mtoto anakwenda chuo. Mimi hata wakininyonga, sawa.

Kumbe haijaisha. Kule hospitali, kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji, askari alimwinamia akamuuliza, "Bwana, unanisikia? Nani kakukata?"

Jamani, sikuwa nimelifikiria hilo! Nilikuwa nimesema mimi, nikadhani inatosha. Lakini yeye anajua. Pale alipokuwa kaninyonga, mimi nilikuwa mbele yake, mikono yangu iko hewani. Mtu anajua kapigwa kutoka nyuma. Na nyuma alikuwepo mtu mmoja tu. Akisema neno lile, uuguzi umekwisha, mwanangu anaingia jela badala ya chuo.

Evodia naye akasimama, kichaa huyu, akasema, "Afande, mimi..."

"Nyamaza!" nikamkemea.

Benedicto alifumbua macho. Alimtazama Evodia kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa bado kaushika mkono wake, kalowa damu yake mpaka usoni. Akamtazama, akamtazama, midomo imekauka. Nilimwomba kwa macho, mimi niliyemng'ata shavu asubuhi ileile. Halafu akageuza kichwa upande wangu.

"Shemeji," akasema. "Kanikata shemeji yangu huyu, Mwanaidi."

Tangu alipovaa lile koti hakuwahi kuniita shemeji. Askari akaandika. Evodia akaanguka chini akalia, na mimi nikamwambia kwa Kizigua, ambacho askari hakukijua, kwamba akifungua mdomo tena simtambui kama mwanangu.

Mkono madaktari waliukata. Watu pale kijijini wana maneno yao. Wanasema aliona aibu, mwanamume mzima kukatwa na binti wa shule, bora akatwe na mwanamke mzima mwenye sifa ya ukali. Inawezekana. Mwanamume aibu yake inamtuma mengi. Mimi nililala rumande nikilifikiria hilo kila siku, na sikupata jibu.

Mwanasheria mmoja dada, wa kujitolea, alikuja akaniambia nijitetee, mama, una kovu la shingo, una bega, una mkono, ulikuwa unajiokoa, utaachiwa. Ningeachiwa kweli. Lakini nilijua swali litakalofuata. Mama, ulikuwa umekabwa koo, mgongo ukutani, uliwezaje kumkata kutokea nyuma? Nikamwambia asante mwanangu, mimi nina kosa. Akaniona mjinga.

Siku ya hukumu Evodia alikuwa chuoni. Nilimpiga marufuku kuja, na madamu Edna alikuwa amempeleka mwenyewe na sanduku lake. Benedicto aliitwa, hakimu alitaka kumsikia aliyeumizwa kabla ya kunihukumu. Alivaa shati la kawaida, mkono mmoja wa shati umekunjwa na pini. Karani alipomuuliza jina akasema Benedicto, na kule nyuma wazee wa ukoo wakaguna, wala hakugeuka. Akaulizwa aliyemkata yumo humu ndani? Akaninyooshea kidole kwa mkono uliobaki.

Hakimu akatoka kwenda kuandika hukumu. Tukabaki kwenye korido, mimi na askari wangu kwenye benchi, Benedicto kasimama dirishani. Nilijizuia, nikashindwa. Nikamwita.

"Benedicto."

Akageuka.

"Kwa nini ulisema mimi? Na ulikuwa unajua."

Askari alikuwa anachezea simu yake. Benedicto akanitazama, lile kovu la meno yangu liko shavuni pake. Nilidhani atanitukana.

"Kaka angesema hivyo, amkinge mtoto," akasema.

Akaenda zake. Nilirudishwa ndani, hakimu akasoma, nikasikia miaka miwili, na nikalia mpaka nikashikiliwa, na askari akawa ananibembeleza, mama, miwili si mingi, itapita.